Waliopumua hewa moja na mgonjwa wa TB: jinsi ya kuwafuatilia, kwa mhudumu mpya wa Mombasa

Kila kundi jipya la wahudumu wa afya ya jamii likianza kazi, simu yangu haipoi. Na maswali ni yale yale. Niandike nani na nani? Mpangaji wa chumba cha pili naye yumo? Mgonjwa akikataa kutaja watu nifanyeje? Makohozi nikiyachukua saa nne yakafika maabara saa tisa, bado yanafaa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, tena usiku, nikaona niyaandike yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe unayezunguka mitaani, iwe Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu, Nyali au Mvita. Kliniki imekupa jina la mgonjwa wa kifua kikuu na kukwambia: nenda ukawaangalie wa nyumbani kwake. Haukufundishi kutibu. Kutibu kuna wenyewe.

Kabla ya yote, kuna neno ambalo ningependa ulisahau. Mafunzoni utasikia "watu waliogusana na mgonjwa". Neno hilo limetuharibia kazi sana. TB haiambukizwi kwa kugusana, wala kwa sahani, kikombe, shuka au choo cha pamoja. Inapita hewani, mgonjwa wa mapafu anapokohoa, anapopiga chafya, hata anapoimba au kuongea kwa sauti, na mwingine akaivuta ndani ya chumba kisichopitisha upepo. Ukienda na neno "kugusana" kichwani, utaandika mke na watoto, kisha utafunga daftari. Ukienda na neno "hewa", utauliza jambo lingine kabisa: hewa ya mtu huyu inavutwa na nani, wapi, kwa saa ngapi?

Nadharia yenyewe ni fupi. Wengi waliovuta vijidudu hivyo hawataugua. Katika kila watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 ndio huja kuugua maishani mwao, na wengi wa hao huugua ndani ya miaka miwili ya kwanza. Ndiyo maana tunakimbilia mapema. Wanaoanguka upesi zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano na watu wanaoishi na VVU wasio kwenye dawa. Hiyo yatosha.

VITU VYA KUWA NAVYO

Usitoke nyumbani bila hivi:

- Fomu ya kuorodhesha watu na fomu za rufaa, zisizopungua kumi. Nyumba moja ya kupanga inaweza kukumalizia zote.
- Kalamu ya wino usiofutika kwa maji. Si biro. Jasho la Mombasa na barafu ya kisanduku hufuta biro kabla hujavuka feri.
- Makopo ya makohozi yenye kifuniko cha kuzungusha, matatu au manne.
- Kisanduku cha baridi chenye vipande vya barafu.
- Barakoa za kawaida za kumpa mgonjwa na wanaokohoa, na ile nzito ya kukaza usoni, yaani N95, kwa ajili yako. Barakoa ya kitambaa haikukingi na TB.
- Simu yenye chaji na namba ya sista wa kliniki ya TB.
- Kitambulisho chako, mfukoni.

Nimesema mfukoni. Kile kizibao cha rangi chenye maandishi ya mradi mgongoni kiache nyumbani siku hiyo. Ukiingia nacho uchochoroni, kabla hujapiga hodi majirani watatu wameshajua umekuja kwa nani, na jioni mwenye nyumba anaulizwa kwa nini amepangisha mtu wa kifua.

HATUA 1: ANZIA KLINIKI, SIO KWA MGONJWA

Kaa na sista dakika kumi umuulize mambo manne.

Kwanza, TB ni ya mapafu au ya mahali pengine? Mwenye TB ya tezi au ya mfupa peke yake haambukizi wengine kwa kawaida. Wa mapafu ndiye wa haraka, hasa ikiwa makohozi yameonyesha vijidudu.

Pili, mashine ya GeneXpert, ile ya kupima makohozi, ilisema nini kuhusu rifampisini, moja ya dawa kuu za TB? Mashine hiyo hutoa majibu mawili kwa mara moja, chini ya saa mbili: TB ipo au haipo, na kama ipo, inasikia dawa ya rifampisini au imekuwa sugu. Kama ni sugu, simama hapo. Nyumba hiyo huendi peke yako, unakwenda na mratibu wa TB wa kaunti ndogo, kwa sababu kinga ya watu wake ni tofauti.

Tatu, dawa ameanza lini, na kikohozi kilianza lini? Hizi tarehe mbili utazihitaji Hatua ya 4.

Nne, ni mtu mzima au mtoto? Ukimfuata mtu mzima, unatafuta aliowaambukiza. Ukimfuata mtoto mdogo, geuza kazi: unatafuta mkubwa aliyemwambukiza, na mara nyingi yuko humo humo ndani, anakohoa na kusema ni vumbi.

HATUA 2: OMBA RUHUSA KWA SIMU

Mpigie mgonjwa. Mwambie wewe ni nani, umetumwa na kliniki ipi, na kwamba unataka kuwasaidia wa kwake wapimwe bure. Muulize saa ambayo yuko huru na, hili wengi hulisahau, muulize ungependa nikifika niseme mimi ni nani? Wengine watakwambia sema ni rafiki, wengine sema umeleta chandarua. Kubaliana naye. Usibuni lako mlangoni.

HATUA 3: KAA NJE, UJUE UPEPO UNATOKA WAPI

Piga hodi, salimia kama desturi, kisha omba mkae barazani au uani, si chumbani. Upepo wa bahari ni dawa tuliyopewa bure: uwe wa kusi au wa kaskazi, hewa inayotembea hupunguza vijidudu na jua huviua. Angalia nguo zilizoanikwa zinapepea kuelekea wapi, kisha keti ubavuni, upepo usitoke kwake ukaja usoni kwako. Kama mtu ameanza dawa juzi tu, mpe barakoa ya kawaida. Mwambie kwa upole, "Hii ni ya kuwakinga wenzio, na mimi yangu nimeivaa."

Kosa la kawaida: mhudumu kuvaa barakoa nzito tangu barabarani. Vaa mkifika faragha.

HATUA 4: CHORA HEWA YAKE

Hapa ndipo kazi ilipo. Hatua nyingine zote unaweza kuzifanya kwa kusoma karatasi. Hii yataka maongezi.

Kipimo cha kitaalamu ni hiki: mtu yeyote aliyelala naye chini ya paa moja hata usiku mmoja, au aliyekuwa naye ndani ya chumba kilichofungwa kwa saa nyingi au mara kwa mara mchana, katika miezi mitatu kabla hajaanza dawa. Miezi mitatu, si wiki hii. Kwa hiyo binamu aliyekuja kutafuta kibarua bandarini akalala mwezi mmoja sebuleni, kisha akarudi Kwale, naye yumo.

Anza na nyumba. Nyumba zetu nyingi za kupanga unazijua: mlango wa mbele, ukumbi mrefu wenye giza, vyumba vitatu huku na vitatu kule, mwisho uani, choo na jiko. Kila chumba familia yake. Sasa inua macho. Katika nyumba nyingi za aina hii kuta za vyumba hazifiki juu. Zinaishia futi mbili tatu chini ya mabati, na hapo juu pako wazi kuanzia chumba cha kwanza hadi cha sita. Harufu ya samaki wa chumba cha nne inafika cha kwanza. Kikohozi nacho hufika. Kama kuta zimekatika hivyo, wapangaji wote wa ukumbi huo waandike, hata kama hawasalimiani. Kama kila chumba kina dari yake na dirisha linalofunguliwa kweli, anza na chumba chake, kisha wale wanaokesha wote ukumbini.

Nimesema "linalofunguliwa kweli" kwa sababu utaona madirisha mengi yamepigiliwa mbao kwa hofu ya wezi, au yamezibwa kwa godoro. Dirisha la hivyo usilihesabu.

Ukimaliza nyumba, tembea naye siku yake yote, tangu alfajiri. Usiulize "unakutana na nani?" Atakujibu "watu tu". Uliza mahali. Haya ni mazungumzo yangu na kijana mmoja wa Kisauni, dereva wa tuktuk, miaka michache nyuma:

"Kaka, ukishafunga kazi jioni huketi wapi?"
"Pale pale tu."
"Pale pale ni wapi?"
"Kwa video."
"Kwa video mnakuwa wangapi?"
Akacheka. "Ikicheza mechi kubwa? Hatuhesabiki."
"Na siku ya kawaida?"
"Sisi wenyewe wa kila siku, saba."
"Pana dirisha?"
"Dirisha la nini, wapite bila kulipa?"

Saba hao ndio niliotaka. Chumba cha mabati, mlango mmoja, pazia zito, saa tatu kila usiku. Mkewe alikuwa akimwona usingizini tu.

Niliuliza vile kwa sababu nilishaumia. Mgonjwa wangu wa kwanza kabisa nilimwandikia mke, mama mkwe na watoto watatu, wote wakapimwa, wote wazima, nikajisifu. Kumbe jioni zake zote alikuwa akizimalizia kwenye kijumba cha muguka, yale majani ya kutafuna, nyuma ya gereji. Baada ya miezi, wenzake wawili wa kijumba kile walikuja kliniki wamekonda, mmoja hawezi kupanda ngazi. Majina yao hayakuwa kwenye fomu yangu. Sikuwahi kuuliza.

Mahali pa kuuliza kwa jina: kwa video na mpira, maskani ya muguka na miraa, mangwe ya mnazi, chuo au madrasa, chumba cha masomo ya ziada, kwaya na mkesha, karakana, stoo ya mizigo, jiko la hoteli, chumba cha kulala walinzi, jela au rumande, saluni. Baraza ya kahawa iliyo wazi barabarani, feri na soko la Kongowea usivitie hofu. Hewa hapo inatembea, na watu hawakai pamoja kwa saa nyingi. Matatu ya kila siku nusu saa, madirisha wazi, nayo iache. Ukiandika kila mtu hutamfikia mtu.

Kwa mtumiaji wa unga, yaani dawa za kulevya, usimuulize anatumia nini. Uliza wanakaa wangapi na wapi, basi.

HATUA 5: MASWALI MATANO, MTU MMOJA MMOJA

Kila uliyemwandika muulize peke yake:

1. Unakohoa? Hata kama ni siku mbili.
2. Mwili unachemka?
3. Usiku unatoka jasho hadi shuka inalowa? Hapa kwetu kila mtu atasema anatoka jasho. Muulize kama anatoka hata feni ikiwa inazunguka, au msimu wa kusi wenzake wakijifunika.
4. Umekonda bila kukusudia? Angalia mshipi, tundu jipya la msumari husema kweli.
5. Kifua kinauma?

"Ndiyo" moja inatosha kumpeleka kupimwa. Usisubiri zitimie tano, wala usisubiri wiki mbili za kikohozi kama ilivyokuwa zamani.

Kwa mtoto mdogo uliza mama yake: anakohoa, ana homa, haongezeki uzito, amepoa hachezi kama zamani? Omba kitabu chake cha kliniki uangalie mstari wa uzito. Mstari uliolala au unaoshuka ni dalili hata kama mtoto anatabasamu. Na akina mama watakuonyesha kovu la chanjo ya BCG kwenye mkono wa kushoto wakidhani limemaliza kazi. Chanjo ile humkinga mtoto mchanga na TB mbaya ya ubongo na ya mwili mzima, lakini haizuii kila TB. Mtoto wa kovu naye anaangaliwa.

HATUA 6: MAKOHOZI

Mwenye dalili akiweza kwenda kliniki mwenyewe, mpe rufaa aende. Kama hawezi, chukua hapo hapo, lakini nje, pembeni, mbali na watu. Usimwingize chooni akakohoe. Choo ni kichumba kisicho na hewa na kuna atakayeingia baada yake.

Asukutue mdomo kwa maji matupu. Avute pumzi ndefu hadi chini, aishike kidogo, aitoe, mara mbili. Ya tatu akohoe kutoka kifuani. Mwonyeshe wewe kwa vitendo, ukiwa umesimama kando. Tunataka kitu kizito, kijiko kimoja cha chai hivi. Maji meupe yenye povu ni mate. Mrudishie kopo ajaribu tena, usione haya. Makohozi bora ni ya alfajiri, kabla ya chai na kabla ya kupiga mswaki, kwa hiyo unaweza kumwachia kopo na kulipitia asubuhi.

Andika jina, tarehe na namba kwenye ubavu wa kopo, si kwenye kifuniko. Mimi niliwahi kuandika vifuniko vya makopo matatu. Yalipofunguliwa maabara vifuniko vikachanganyika, na ilibidi nirudi kwa watu watatu na kuwaomba wakohoe upya. Mmoja alinifungia mlango.

Kaza kifuniko, weka kwenye kisanduku cha baridi, peleka siku hiyo hiyo. Ya saa nne yakifika saa tisa yakiwa kwenye baridi yanafaa. Yakikaa saa hizo hizo juani kwenye tangi la bodaboda, hayafai. Ukichelewa hadi jioni, yalale kwenye friji ya kliniki, si kwenye friji yako ya nyumbani yenye maziwa ya watoto.

Mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi. Usimlazimishe. Siku hizi kinyesi chake pia hupimwa kwa GeneXpert. Mpeleke kliniki.

HATUA 7: KUPIMA VVU, NA KUTUNZA ULIMI

Kila mgonjwa wa TB hupimwa VVU, na waliokaa naye hushauriwa kupimwa. Sababu ni moja: VVU visivyotibiwa humnyima mwili askari wa kuizuia TB, na TB ndiyo inayoua watu wengi zaidi miongoni mwa wanaoishi na VVU. Lakini usiwaambie watu kwamba TB ni ugonjwa wa wenye Ukimwi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulikuta watu 558 wenye TB katika kila watu wazima 100,000, na wengi wao hawakuwa na VVU. Taja hilo mlangoni, hulegeza nyuso.

Mwenye zote mbili hutibiwa zote mbili. ARV huanzishwa ndani ya wiki mbili baada ya dawa za TB, isipokuwa TB ya utando wa ubongo ambayo madaktari huichelewesha kidogo. Kama anatumia dolutegravia, mojawapo ya hizo ARV, rifampisini huipunguza nguvu, kwa hiyo kliniki humwongezea dozi awe anakunywa mara mbili kwa siku. Ukimkuta anakunywa mara moja, usimbadilishie wewe, mpigie sista. Rifampisini hupunguza pia nguvu ya vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi. Mwambie mama hilo mapema, si baada ya mimba.

Sasa zikumbuke zile kuta zisizofika darini. Sauti hupita palepale inapopita hewa. Neno VVU usilitamke chumbani kwa mtu, hata kwa kunong'ona, na usilitaje mbele ya mke, mume au mama bila ruhusa yake mwenyewe. Sheria ya VVU na Ukimwi ya 2006 inalinda siri hiyo. Kwenye fomu unayozunguka nayo usiandike hali ya VVU ya mtu, iandikwe kliniki. Fomu huanguka. Nimeiona moja ikifungia mahamri.

HATUA 8: WASIO NA DALILI NAO WANA DAWA

Wahudumu wapya hupenda kuishia hapa: "Huyu hana dalili, basi." Bado. Asiye na dalili, baada ya kliniki kuhakikisha hana TB, hupewa dawa ya kinga. Iko ya kunywa mara moja kwa wiki kwa wiki 12, iko ya kila siku kwa miezi mitatu, iko ya isoniazidi ya miezi sita. Ipi ya nani huamua kliniki kwa umri, uzito, ini na dawa nyingine anazotumia. Kazi yako ni kumfikisha, na watoto wa chini ya miaka mitano na wenye VVU watangulie mstari.

Onyo: dawa ya kinga haipewi mtu anayekohoa ambaye hajapimwa. Ukimpa mwenye TB dozi ya kinga, unawafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Mama akisema mwanawe hawezi kumeza vidonge, mtoe wasiwasi. Kwa matibabu ya TB ya watoto, Kenya ilikuwa ya kwanza duniani, 2016, kuanza kutumia vidonge vyenye ladha ya matunda vinavyoyeyuka majini.

HATUA 9: RUDI

Mwenye fomu zilizojaa ambaye hajarudi hajafanya kitu. Rudi wiki inayofuata ujue nani alienda na nani hakwenda. Mgonjwa mwenyewe mpitie mara kwa mara miezi yote sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Mwezi wa pili ni wa hatari, kwa sababu amepata nafuu, kikohozi kimekata, anataka kuacha. Mkumbushe pia makohozi ya kupimwa tena mwezi wa pili, wa tano na wa sita.

IKIKWAMA

Mgonjwa hataki kutaja mtu. Usimshike shati. Mwachie kadi za rufaa tano, awape mwenyewe wenzake bila kukutajia majina. Nimeona nne zikifika kliniki.

Anasema amerogwa. Usibishane naye. Mwambie, "Mganga wako endelea naye ukipenda, lakini dawa hizi usiruke hata siku moja." Ukigombana na mganga utashindwa wewe.

Mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa, ameacha dawa. Ni rifampisini, haina ubaya. Ulipaswa kumwambia siku ya kwanza.

Macho ya manjano, kutapika kusikokwisha, au macho yameanza kuona vibaya. Huyo ni wa kliniki leo, si kesho. Ganzi ya nyayo nayo iripoti, kuna vitamini ya kuisaidia.

Ramadhani imeingia. Mgonjwa ana ruhusa ya dini kutofunga, na wengi hawajui kwamba hata mwenye TB anahesabiwa mgonjwa kwa ruhusa hiyo. Akisisitiza kufunga, zungumzeni na kliniki wampangie saa ya dawa usiku, na aishike hiyo hiyo kila siku. Imamu wa mtaa akilisema yeye, hupokewa upesi kuliko mimi.

Amehama, chumba kina mpangaji mwingine. Usimuulize mpangaji mpya kwa kutaja ugonjwa. Piga namba ya pili aliyoandikisha. Ukimpata Kilifi au Kwale, kliniki imwandikie uhamisho aendelee huko, dawa ni zile zile na ni bure katika vituo vya serikali.

Ameacha dawa, jirani anasema aitiwe polisi. Hapana. Machi 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfunga jela mgonjwa wa TB kwa kuacha dawa ni kinyume cha Katiba. Na fikiria mwenyewe: umtoe kwenye chumba cha watu wawili umpeleke kwenye selo ya watu thelathini? Kaa naye umuulize kilichomshinda. Mara nyingi ni nauli, au njaa, maana dawa zile huamsha hamu ya kula na nyumbani hakuna kitu.

Majibu yamesema hakuna TB, lakini kikohozi kipo. Mrudishe. Huenda yalikuwa mate. Aombe na picha ya kifua.

Mama ana TB na ananyonyesha. Asimwachishe mtoto. Anyonyeshe akiwa na barakoa, madirisha wazi, na mtoto aangaliwe kliniki kwa ajili ya kinga.

Wewe mwenyewe umeanza kukohoa. Wahudumu tuna ugonjwa wa kuogopa kopo letu wenyewe. Sukutua mdomo, simama nje, vuta pumzi mbili, ya tatu ukohoe. Andika jina lako ubavuni.